Honi ya Treni ya Kuchezea Iliyogeuka Sumu ya Treni Yenyewe

Wadau, treni za kuchezea za siku hizi zina chipu, zinanguruma hadi breki zinalia. Zile za analojia je? Umeme unaopita kwenye reli ndio huo huo unaozungusha mota. Ukiupandisha treni inakimbia, ukiukata inasimama. Sasa amri ya kupiga honi unaipitishia wapi?

Mwaka 1935 kampuni ya Lionel ya Marekani ikaja na jibu tamu sana. Reli zake zilitumia umeme wa AC. Mtoto akibonyeza kitufe, kinachanganywa kidogo umeme wa DC. Swichi ndani ya behewa la makaa inaushtukia huo DC na kuwasha kimota cha feni, feni inasukuma hewa kwenye filimbi. Yaani hewa kweli, siyo sauti iliyorekodiwa! Na treni inaendelea na safari kama kawaida.

Balaa lilianza kwenye vichwa vya dizeli, kama F3 ya mwaka 1948. Dizeli hailii filimbi bana, inalia honi, na honi yake ilitaka betri ya tochi ya volti 1.5 iwekwe ndani. Krismasi ikipita, treni inarudishwa kwenye boksi na betri yake humo humo. Miaka inakatika, betri inavuja, chuma kinaliwa taratibu gizani.

Ndiyo maana wakusanyaji wa hizi treni, kabla hata ya kuuliza bei, wanaigeuza kwanza na kuchungulia pale betri inapokaa.