Matundu madogo na kansa ya prostati: historia inayopita Panzi

Kwa wazee wengi wa Bukavu, kupasuliwa bado ni kufunguliwa tumbo, kulala hospitalini siku nyingi, na familia kuuza mbuzi ili kulipa. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja waganga wamekuwa wakitafuta njia ya kufanya kazi mwilini kupitia matundu madogo, na sehemu ya historia hiyo imepita hapa Panzi, komini ya Ibanda.

Hospitali ya Panzi ilizaliwa na vita. Mwezi wa kumi 1996, hospitali ya Lemera aliyokuwa akiiongoza daktari Denis Mukwege ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa. Mwaka 1999 Panzi ikaanzishwa chini ya kanisa la CEPAC, na akina mama waliobakwa vitani wakamiminika. Wengine walikuwa na fistula iliyo ndani sana, ngumu kufikiwa. Profesa Guy-Bernard Cadière wa Brussels alikuja kushirikiana na Mukwege kwa njia ya laparoskopi: tumbo linajazwa gesi, kamera nyembamba inaingia kwa tundu moja, vyombo kwa matundu mengine, na daktari anafanya kazi akitazama kwenye skrini. Kidonda kinakuwa kidogo, mgonjwa anasimama mapema.

Njia hiyo si ya juzi. Mwaka 1910, Hans Christian Jacobaeus wa Sweden alichungulia tumbo la mtu kwa chombo chenye mwanga. Mwaka 1980, Kurt Semm wa Ujerumani alitoa kidole tumbo bila kufungua tumbo, na waganga wenzake wakamshutumu.

Kwa prostati, tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu cha mkojo, safari ilikuwa ndefu zaidi. Mwaka 1904, Hugh Hampton Young wa Baltimore, Marekani, alitoa tezi yote kwa sababu ya kansa. Kwa miaka mingi wengi waliopasuliwa walipoteza nguvu za kiume, na wengine mkojo ukawa unawatoka. Mwaka 1982, Patrick Walsh, katika mji huo huo, alionyesha namna ya kuokoa mishipa ya fahamu inayopita kando ya tezi. Wamarekani walijaribu matundu madogo kuanzia 1991, wakasema hawaoni faida. Ni Paris, kuanzia 1998, Bertrand Guillonneau na Guy Vallancien walipoifanya iwe kazi ya kila siku. Roboti ikafuata mwaka 2000. Cadière yule yule alikuwa katika timu ya Wabelgiji waliotumia roboti kutoa kifuko cha nyongo mwaka 1997.

Matokeo ni nini? Damu inayomwagika ni kidogo, na mgonjwa anarudi nyumbani haraka. Lakini Brisbane, Australia, wanaume 308 walilinganishwa, wengine kwa roboti, wengine kwa kufunguliwa. Utafiti uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba baada ya wiki 12, hali ya mkojo na nguvu za kiume ilikaribiana. Uingereza, wanaume 1,643 ambao kansa yao ilikuwa bado ndani ya tezi walifuatwa kwa miaka 15. Karibu 97 kwa kila 100 hawakuuawa na kansa hiyo, wawe walipasuliwa, walipigwa mionzi, au walichunguzwa tu mara kwa mara.

Basi ukubwa wa tundu sio unaoamua nani ataishi. Wanaume wale wote walikutwa mapema. Kansa ikishafika kwenye mifupa, dawa za kupunguza homoni zinaituliza tu, haziiondoi.

Hapo ndipo pagumu kwa familia zilizokimbia vita. Kansa hii ikiwa changa mara nyingi haiumi, na mzee anayelala kwa wageni huona haya kusema kwamba anaamka usiku mara tano kukojoa. Mara nyingi shida hiyo ni tezi kuvimba tu kwa umri, wala si kansa. Kipimo cha damu kiitwacho PSA na mkono wa mganga husaidia kujua nani achunguzwe zaidi. Baba aliyeacha karatasi zake kijijini amweleze mganga dawa alizokuwa akitumia, na watoto wake wamuulize bila kumchekesha.