Chembe na vipimo katika michezo ya video

Milipuko ya mwanzo katika michezo ya video ilikuwa nukta tupu. Katika Spacewar!, mchezo ulioandikwa na Steve Russell na wenzake huko MIT mwaka 1962 kwa kompyuta ya PDP-1, chombo kilichopigwa kiligeuka kundi la nukta zinazomweka ovyo, kisha zikazimika.

Nadharia ya nukta hizo ilitoka kwenye sinema. Kwa ajili ya filamu ya Star Trek II ya mwaka 1982, William Reeves wa Lucasfilm alihitaji ukuta wa moto unaoizunguka sayari nzima. Moto hauna uso wa kuchorwa kama meza au ukuta, kwa hiyo aliujenga kwa chembe nyingi mno, kila moja ikiwa na mahali pake, mwendo wake, rangi na umri. Huzaliwa, huishi, hufa. Maelezo yake aliyoyachapisha mwaka 1983 ndiyo msingi wa kazi hii hadi leo. Filamu iliweza kuisubiri kompyuta. Mchezo hauwezi, kwani una sehemu ndogo tu ya sekunde kwa kila picha. Ndiyo maana Quake ya mwaka 1996 bado ilionyesha milipuko kwa miraba midogo ya rangi moja.

Kadi za michoro zilipopata nguvu, mraba uliachia nafasi picha bapa ya moshi, yenye kupenyeza mwanga, inayomgeukia mtazamaji daima. Aibu yake ilionekana sakafuni: moshi ulikatwa kwa mstari ulionyooka. Karibu na mwaka 2007 dawa ilienea: kadi husoma umbali wa kitu kilicho nyuma, na chembe hufifia kadiri inavyokikaribia. Gharama haikuondoka. Tabaka 20 za moshi humaanisha pikseli ileile kupakwa rangi mara 20, na hivyo wingu moja lililojaza skrini huweza kulemaza mchezo kuliko cheche elfu.

Vipimo vina historia yenye vurugu zaidi. Mchezaji wa Doom, mwaka 1993, alikuwa na urefu wa vizio 56, na wa Quake vilevile. Wa Half-Life, mwaka 1998, akawa na 72, ingawa injini yake, yaani programu inayouendesha mchezo, ilitokana na ya Quake. Kizio hicho hakikuwa futi wala mita. Katika injini ya Source, iliyofuata, mwili wa mtu hupimwa takriban inchi moja kwa kizio, lakini majengo huhesabiwa vizio 16 kwa futi, hivyo milango ni mikubwa kuliko inavyostahili. Hilo si uzembe: korido yenye vipimo halisi humbana mchezaji anayeitazama kupitia skrini.

Kati ya injini za leo, Unity ilichagua mita, Unreal sentimita. Modeli ikihama kutoka injini moja hadi nyingine na vipimo visivyotafsiriwa, hutua ikiwa kubwa au ndogo mara mia. Kosa hilo hugundulika papo hapo. Hatari ni kiti kilichozidi kwa sehemu ya tano, ambacho hukaa miezi bila kushtukiwa, mpaka mhusika aketi. Kwa hiyo mafundi huweka sanamu ya mtu wa mita 1.8 kando ya kila kitu, na hurekebisha faili la asili badala ya kunyoosha kitu ndani ya mandhari, kwa kuwa vyote vilivyofungwa chini yake hunyooka pia.

Chembe ndizo zinazofichua kosa la vipimo. Kitu kikianguka kutoka kimo kilichozidi mara 25, hutumia muda mara 5 tu; wapiga filamu wa modeli ndogo walilijua hilo zamani, wakaiendesha kamera kwa kasi ili picha ionekane nzito na polepole. Moto uliokuzwa bila kubadilishiwa mwendo huonekana kama kiberiti kilichosogezwa karibu na jicho. Unity humwachia msanii aamue kama chembe zifuate ukubwa wa kitu kinachozibeba au zibaki na ukubwa wake zenyewe. Niagara, mfumo ulioingia Unreal mwaka 2018, humruhusu aunganishe ukubwa, kasi na mvutano kwa hesabu anayoiandika mwenyewe.