Somo la magobore ya Unyanyembe

Ndugu msikilizaji, ukisimama leo Ng'ambo, pale Tabora mjini, ukawauliza wazee habari za bunduki, usishangae wasipoanza na polisi wala vibali. Wataanza na Mirambo. Na mimi leo nitaanza huko huko, kwa sababu katika suala hili la silaha na akili za watu wanaozishika, babu zetu wa Unyanyembe walipita njia ambayo sisi tunajidanganya kwamba ni mpya.

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe za ndovu pwani, wakarudi bara na vitambaa, shanga, nyaya za shaba, na pia bunduki na baruti. Wakati huo majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadili silaha zao. Walipopata bunduki za kupakia risasi kwa nyuma, zile kuukuu za kushindilia baruti mdomoni zikawa takataka, na takataka hizo zikatafutiwa soko. Soko likawa Zanzibar na bara yake. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia sehemu hizi kila mwaka. Fikiria idadi hiyo, msikilizaji, katika nchi ambayo haikuwa na daftari hata moja la kuandika nani anashika nini.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alifunga njia ya misafara, na vita kati yake na Waarabu wa Tabora vikazuka. Mwandishi wa gazeti Henry Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, alijiunga na upande wa Waarabu, akashuhudia wakipigwa. Mwezi Agosti mwaka huo huo Mirambo aliingia Tabora yenyewe, sehemu ya mji ikateketea kwa moto. Vita hivyo viliendelea kwa miaka kadhaa.

Nguvu ya Mirambo ilikuwa rugaruga. Hao walikuwa akina nani? Wengi walikuwa vijana waliokwisha katwa na kwao: mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara. Hawakuwa na shamba, mke wala mzee wa kuwakemea. Walivaa vitambaa vyekundu, na wasafiri wa wakati ule waliandika kuwa walivuta bangi na kujipamba kwa viungo vya watu waliowaua. Wako watakaosema hao walikuwa wendawazimu. Mimi nasema hapana. Walikuwa vijana waliokosa pa kurudi, wakapewa gobore kabla hawajapewa kingine chochote.

Na hapa historia inatupa mfano wa kulinganisha. Kusini ya Unyanyembe alikuwapo mtawala mwingine, Nyungu ya Mawe, naye akitumia rugaruga wale wale na bunduki zile zile. Wote wawili walifariki mwaka 1884. Milki ya Mirambo ilianza kumeguka mara tu baada ya kifo chake, maana ilishikwa na mkono wa mtu mmoja. Milki ya Nyungu iliendelea chini ya mwanamke aliyeitwa Mgalula, hadi Wajerumani walipoivunja. Kwa nini? Nyungu alikuwa ameweka watwale, yaani wasimamizi wa kila eneo, na kila mmoja alikuwa na mahali pa kutoa hesabu. Bunduki zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa kuwapo kwa mtu wa kuulizwa.

Wazungu nao waligundua, kwa sababu zao wenyewe, kwamba baruti iliyozagaa ni hatari. Katika mkataba uliotiwa saini Brussels Julai 1890, walikubaliana kuzuia biashara ya silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Tusidanganyike: pamoja na vita dhidi ya biashara ya watumwa, mkataba ule uliwarahisishia wao kututawala. Januari 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe, alipoona boma lake linaingiwa na Wajerumani, aliiwasha ghala yake ya baruti akiwa humo ndani. Baada ya hapo aliyeruhusiwa kushika silaha aliruhusiwa na mkoloni, na mkoloni hakumwuliza jirani. Aliuliza kama mtu huyo ni mtiifu kwa serikali.

Sasa, msikilizaji, tugeukie upande wa pili wa jambo hili, upande wa afya ya akili. Mwaka 1904 kituo cha Lutindi, katika milima ya Usambara, kilichokuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kilianza kupokea wagonjwa wa akili. Mwaka 1927 Waingereza walifungua hospitali ya Mirembe huko Dodoma. Tazama ramani: Dodoma ipo Ugogo, kwenye njia ile ile ambayo bunduki zilipitia kwenda Unyanyembe. Bunduki zilitangulia. Daktari alikuja nyuma yake kwa zaidi ya nusu karne.

Na alipokuja, alikuja na kuta. Mirembe ikawa tusi mitaani. Mtu akikosea hesabu dukani, wenzake husema apelekwe Mirembe. Kwa mzaha huo tumewafundisha watu wetu kuficha. Kijana halali usiku, anasikia sauti, anawashuku ndugu zake kuwa wanamtilia sumu. Nyumbani wanafunga mlango ili majirani wasijue. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika nyumba yenye bunduki ukutani, kifo hicho huenda kisiwe cha mgonjwa peke yake.

Lakini hapa napenda nieleweke vizuri. Walio wengi kabisa miongoni mwa wagonjwa wa akili hawamdhuru mtu. Mara nyingi wao ndio wanaopigwa, wanaofungwa kamba, wanaoibiwa. Na wakishika silaha, hatari kubwa ni kwamba watajidhuru wenyewe. Tarehe 25 Agosti 2021, jijini Dar es Salaam, karibu na Ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja aliwaua kwa risasi askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi kabla ya yeye kuuawa. Polisi baadaye walilieleza tukio hilo kuwa la kigaidi. Tukifanya haraka ya kusema kila muuaji ni kichaa, tunawatukana wagonjwa wasio na hatia, na tunaacha kuchunguza chuki, mafunzo mabaya na ulegevu wa silaha.

Lipo jambo moja linalojirudia katika matukio mengi ya namna hii duniani. Watu walijua. Mwezi Machi 1996, katika mji wa Dunblane huko Scotland, mtu mmoja aliwaua watoto 16 na mwalimu wao shuleni. Silaha zake alikuwa nazo kihalali. Miaka mitano kabla, askari mpelelezi alikuwa ameandika kupendekeza anyang'anywe kibali. Pendekezo lile halikutekelezwa. Mwezi Oktoba 2023, huko Lewiston nchini Marekani, watu 18 waliuawa na askari wa akiba ambaye ndugu zake na wenzake jeshini walikuwa wamekwisha toa taarifa juu ya hali ya akili yake. Hapa jirani, Novemba 2010, huko Siakago nchini Kenya, askari polisi aliua watu 10 kwa bunduki ya serikali. Huyo wa mwisho atukumbushe kwamba anayevaa sare naye ni binadamu, naye huchoka, huvunjika moyo, na huhitaji mtu wa kumsikiliza.

Sisi tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Tunayo pia Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Maombi ya silaha hupita katika kamati za ulinzi na usalama, na huo ni utaratibu mzuri, maana unaanzia karibu na anapoishi mwombaji. Swali ni je, siku ile kamati inapokaa, nani anayemfahamu hasa mwombaji? Na baada ya kibali kutoka, nani anarudi kuuliza kama mtu yule bado ni yule yule? Mtu anaweza kuwa timamu mwaka huu, mwaka ujao akafiwa, akafilisika, akaingia kwenye ulevi. Kibali hakilijui hilo. Mke wake analijua. Jirani yake analijua.

Kwa hiyo ningependekeza mambo mawili. La kwanza, anayepeleka taarifa kwamba ndugu yake mwenye silaha amebadilika asionekane msaliti, na silaha ile ihifadhiwe polisi hadi mgonjwa apate nafuu, bila kelele na bila aibu. La pili, matibabu ya akili yawe karibu na watu, katika zahanati zetu, kama tunavyotibu malaria, ili mtu wa Sikonge au Urambo asingoje hadi afungwe kamba ndipo asafirishwe kwenda Dodoma. Na magobore yanayotengenezwa kienyeji, ambayo hadi leo hukamatwa katika misitu ya magharibi, hayamo katika daftari lolote. Kwa hayo, mlinzi pekee ni mwanakijiji anayesema.

Mirambo alikuwa na bunduki nyingi, lakini alipofariki hapakuwa na wa kuulizwa. Nyungu aliacha watwale. Katika mtaa wako, msikilizaji, mtwale ni nani? Ikiwa humjui, basi huenda ni wewe.