Shujaa Asiye na Jarida: Kazi ya Barly Baruti na Hatima ya Mashujaa wa Katuni nchini Kongo

Barly Baruti alizaliwa Kisangani mwaka 1959, mji huo ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville. Ni mmoja wa wachoraji wa katuni wa Kiafrika wanaofahamika zaidi barani Ulaya, na kazi yake sasa imevuka miaka 40. Ukiipitia kazi hiyo tangu mwanzo, unakuta jambo linalohitaji maelezo. Mfululizo wake mrefu kuliko yote, Mandrill, una juzuu 7, na hadithi yake inatokea Ufaransa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hakuna shujaa wa Kikongo aliyechorwa na mkono huohuo akapewa umri kama huo.

Makala hii inadai kwamba chanzo cha hali hiyo si upungufu wa kipaji, wala si kukosekana kwa mashujaa katika fasihi zetu. Chanzo ni namna hadithi zinavyochapishwa. Shujaa wa katuni hulelewa na jarida la bei nafuu linalotoka kwa mfululizo, na hudumu pale ambapo aliyembuni ana haki juu yake. Kongo iliwahi kuwa na jarida la aina hiyo na ikalipoteza. Kizazi cha Baruti kilirithi pengo hilo.

Shujaa mwenye nguvu huzaliwaje?

Superman alitokea katika toleo la kwanza la Action Comics, la Juni 1938, lililouzwa kwa senti 10 za Marekani. Wengi huzieleza nguvu zake kwa kutazama hofu na matumaini ya Wamarekani wa miaka ile. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Shujaa huyo alidumu kwa sababu kila mwezi msomaji wa kipato cha chini aliweza kumpata tena. Tabia yake, vazi lake na adui zake vilijengwa polepole, toleo baada ya toleo, mbele ya macho ya wasomaji walewale.

Historia hiyo ina upande wa uchungu pia. Waliombuni Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, walilipwa dola 130 kwa hadithi ya kwanza, na haki zote za mhusika zikaenda kwa kampuni. Kwa hiyo mambo haya mawili yanapaswa kutazamwa kwa pamoja: jarida humkuza shujaa, na mkataba huamua ni nani atakayefaidika na ukuaji huo.

Mashujaa walikuwapo

Haiwezekani kudai kwamba Kongo ya mashariki ilikosa malighafi. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kivu, uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, unamsimulia mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema. Baba yake hakutaka mtoto wa kiume. Alimtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, lakini mtoto akasalimika na kumwandama baba hadi chini ya ardhi. Silaha yake ni usinga. Mwishoni, baada ya kumuua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, anachukuliwa juu angani na kuadhibiwa kwa baridi, jua na njaa, kisha anarudi kutawala kwa unyenyekevu. Wamongo nao wana shujaa wao, Lianja. Kwenye pwani ya Waswahili, Fumo Liyongo hapenywi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Nguvu, udhaifu wa siri, vazi au chombo maalumu, adui anayestahili: kila kiungo ambacho msomaji wa leo angekitafuta kwa shujaa wa katuni kimo humo.

Jarida nalo lilikuwapo. Mwaka 1968 Achille Ngoye na Freddy Mulongo walianzisha Jeunes pour Jeunes mjini Kinshasa. Vijana walisoma humo lugha yao ya mtaani, mchanganyiko wa Kilingala na Kifaransa, na wakamfuatilia Apolosa, askari polisi aliyechorwa na Denis Boyau. Baadaye, katika enzi ya siasa za uhalisi za Mobutu, jarida lilibadilishwa jina likawa Kake, na hatimaye likatoweka. Apolosa hakuhitaji kuruka angani ili awe maarufu. Alihitaji kurudi, na jarida lilimrudisha.

Njia ya Baruti

Baruti alianza kazi baada ya jarida hilo kutoweka. Kitabu chake cha mwanzoni, Le Temps d'agir cha mwaka 1982, kilihusu ulinzi wa mazingira. Mwaka 1987 alitoa kitabu cha watoto kuhusu gari na safari, na kingine kuhusu mwanamuziki Papa Wemba. Alipata pia nafasi ya kujifunza Brussels katika studio ya Hergé, mtu yuleyule aliyeichora Kongo katika Tintin bila kuwahi kufika huku. Kijana wa Kisangani aliingia katika nyumba ambamo picha ya kudhalilisha ya watu wake ilitengenezwa, akachukua ufundi wa mstari safi na mpangilio wa ukurasa, akautumia kwa makusudi yake.

Kisha ukaja wakati wa albamu: Eva K. kuanzia 1995 na Mandrill kuanzia 1998, zote mbili kwa hadithi za Frank Giroud. Albamu ya Kifaransa ina jalada gumu, hutoka mara moja kwa mwaka au kwa nadra zaidi, na huuzwa kwa euro katika maduka ya vitabu ya Ulaya. Ni chombo cha heshima, na kilimpa msanii riziki. Lakini msomaji wake hayuko Makiso wala Tshopo, mitaa ya Kisangani. Pat Masioni, Mkongo mwenzake, alichora sehemu ya Unknown Soldier, mfululizo wa kampuni ya Marekani ambao hadithi yake inatokea kaskazini mwa Uganda. Mkono ulikuwa wa Kongo na vita vilikuwa vya jirani, ila mhusika alikuwa mali ya New York.

Kazi inayofika karibu zaidi na shujaa ninayemzungumzia ni Madame Livingstone ya mwaka 2014, iliyoandikwa na Christophe Cassiau-Haurie. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, rubani Mbelgiji, Gaston Mercier, anatumwa Ziwa Tanganyika kuizamisha meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ile ambayo wasafiri wa Kigoma wanaijua kwa jina la Liemba. Anaongozwa na chotara avaaye sketi ya Kiskoti na kudai kuwa ni mwana wa David Livingstone. Askari wanamcheka kwa vazi hilo. Baruti analichora kwa heshima, kama alama ya mtu anayekataa kupewa jina na wengine. Uwezo wake hauko katika misuli. Anaijua nchi, anazijua lugha, na anaona mapema kwamba vita hivi si vya Waafrika ingawa wao ndio wanaokufa. Huu ni ushujaa kamili, lakini umefungiwa ndani ya kitabu kimoja. Mhusika aliyestahili matoleo 50 amepata albamu moja.

Je, wasomaji wapo?

Mpinzani atasema kwamba watu hawana fedha za kununua katuni. Mchoraji Papa Mfumu'eto amekwisha kumjibu: katika miaka ya 1990, wakati uchumi wa Zaire ukiporomoka, alitoa vijitabu vya bei ndogo kwa Kilingala mjini Kinshasa, na vilisomwa. Tanzania inajibu vilevile kupitia jarida la Sani, lililowafanya Ndumilakuwili na Lodi Lofa kuwa watu wa kila nyumba. Kenya ilionyesha njia nyingine mwaka 2010, jarida la katuni la Shujaaz lilipogawiwa bure pamoja na gazeti. Katika mifano yote mitatu, lugha ni ya wasomaji wenyewe na mhusika hurudi mara kwa mara.

Pingamizi zito zaidi linahusu usafirishaji. Kisangani iko takriban kilomita 1,700 za mto kutoka Kinshasa, na karatasi hufika kwa shida. Hata hivyo simu ya mkononi imepunguza uzito wa hoja hiyo, kwani ukurasa wa katuni unaweza kusafiri bila mashua.

Hitimisho

Baruti aliona tatizo hili mapema. Karakana ya ACRIA, aliyoianzisha Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ililenga kuwafunza vijana na kuwakutanisha wachoraji. Mafunzo, hata hivyo, huzaa wachoraji, na mchoraji asiye na jarida huhama au huchorea mashirika ya misaada. Kinachohitajika sasa ni jarida la mfululizo kwa Kiswahili na Kilingala, likiwa na makao Kisangani, mji ambamo lugha hizo mbili hukutana kila siku. Chuo Kikuu cha Kisangani kinaweza kulipa wahariri na watafiti wa tendi, na mkataba wake uandike wazi kwamba mhusika ni mali ya aliyembuni. Mji uliopigwa mabomu na majeshi ya nchi mbili za jirani kwa siku sita mnamo Juni 2000 una mengi ya kusimulia kuhusu nguvu na mipaka yake, somo lilelile alilofunzwa Mwindo angani. Anayesubiri albamu ijayo kutoka Ulaya imsimulie hayo atasubiri sana, maana mchapishaji wa mbali huchagua shujaa kwa ajili ya wanunuzi wake.