Sarafu za fedha: hazina iliyohama benki na kubaki masandukuni

NENO fedha katika Kiswahili lina maana mbili: pesa za matumizi, na madini meupe yanayong'aa ambayo masonara hufulia pete na bangili. Kwa muda mrefu maana hizo mbili zilikuwa kitu kimoja, kwa sababu pesa zenyewe zilitengenezwa kwa madini hayo. Leo zimeachana kabisa. Sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500 zinazozunguka madukani na kwenye daladala hazina chembe ya fedha ndani yake.

Kutokana na hali hiyo, anayetaka kutafuta sarafu za fedha katika pesa zinazotoka benki, kama wafanyavyo watu wa Marekani, hapa nchini atapoteza muda wake bure. Hata hivyo, sarafu hizo hazijatoweka. Nyingine zimo ndani ya masanduku ya wazee, katika vijiji kama vya Itiryo mkoani Mara, na hatari inayozikabili sasa ni kuuzwa kwa bei ya kutupwa au kuishia katika moto wa sonara kabla ya wenye mali kujua walichokuwa nacho.

Utafutaji wa Wamarekani

Nchini Marekani benki hutoa sarafu zikiwa zimeviringishwa katika karatasi. Kifurushi cha sarafu za senti 25 huwa na sarafu 40, na cha nusu dola huwa na 20. Watafutaji huchukua vifurushi hivyo kwa thamani yake ya kawaida, huvifungua nyumbani, hutoa sarafu za zamani na kuzirudisha zilizobaki benki.

Msingi wa kazi hiyo ni sheria ya sarafu ya mwaka 1965. Hadi mwaka 1964 sarafu za senti 10, senti 25 na nusu dola zilikuwa na asilimia 90 ya fedha. Sheria hiyo iliondoa fedha katika sarafu za senti 10 na 25, na nusu dola ikabakiwa na asilimia 40 hadi mwaka 1970. Kwa kuwa sarafu za zamani hazikubatilishwa, bado ni halali kwa matumizi, na mara chache hupita mikononi mwa makarani wa benki bila kutambuliwa.

Lakini kila inayopatikana huondolewa katika mzunguko na hairudi tena. Kisima hicho huchotwa kila siku bila kuongezewa maji, na kadiri bei ya fedha inavyopanda ndivyo wachotaji wanavyoongezeka. Huko mustakabali wa kazi hiyo ni kupungua polepole hadi kuisha. Hapa Afrika Mashariki uliisha zamani, kwa sababu sarafu za fedha zilibatilishwa kwa amri za serikali moja baada ya nyingine.

Kutoka riale hadi shilingi

Katika karne ya 19 pesa iliyotawala biashara ya pwani ilikuwa riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya Austria yenye uzito wa gramu 28 na fedha asilimia 83. Baadaye ikaja rupia ya India, yenye gramu 11.66, uzito ule ule ambao masonara huuita tola, na fedha karibu asilimia 92.

Wajerumani walipoingia waliifuata rupia hiyo. Tangu mwaka 1890 walitengeneza rupia yao yenye uzito na ubora sawa na ile ya India, ikiwa na picha ya Mfalme Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma. Mwaka 1904 rupia iligawanywa katika Heller 100, na hapo ndipo Kiswahili kilipopata neno hela. Kwa sarafu hizo watu walitakiwa kulipa kodi ya nyumba iliyotangazwa mwaka 1897, na kwa njia hiyo pesa za chuma zikafika hata kwa jamii ambazo utajiri wao ulihesabiwa kwa mifugo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1920 ilitolewa florini iliyokaa muda mfupi tu, kisha ikafuata shilingi, kwa kiwango cha shilingi mbili kwa rupia moja. Rupia za Wajerumani zikaondolewa katika matumizi. Zanzibar iliendelea na rupia hadi ilipojiunga na shilingi mwaka 1936.

Shilingi mpya ilikuwa ya fedha pia, ila kwa kiasi kidogo: robo tu ya uzito wake. Kuanzia matoleo ya mwaka 1948 hata robo hiyo ikaondolewa, na shilingi ikawa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Uingereza yenyewe ilikuwa imefanya hivyo kwa sarafu zake mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango yake mwaka 1966 na kutoa shilingi ya nchi huru, enzi ya fedha katika pesa za matumizi ilikuwa imekwisha. Mwaka 1974 benki hiyo ilitoa sarafu za fedha za shilingi 25 na 50 zenye picha za twiga na faru, lakini hizo zilikuwa za ukumbusho na za wakusanyaji, si za kununulia unga.

Itiryo na mpaka

Itiryo iko katika nchi ya Wakurya, jamii iliyogawanywa na mpaka wa Tanzania na Kenya. Enzi za Bodi ya Sarafu mpaka huo haukuwa na maana kwa pesa. Shilingi yenye picha ya simba amesimama mbele ya milima ilikuwa halali Tarime kama ilivyokuwa halali upande wa pili, na mtu aliweza kuuza ng'ombe huku na kulipa kodi kule bila kubadilisha kitu.

Wakurya, kama jamii nyingi za wafugaji, waliweka akiba yao kubwa katika ng'ombe, na mahari ililipwa kwa ng'ombe. Sarafu zilikuwa za kodi, za duka na za mshahara wa waliokwenda kazini migodini au jeshini. Mwenye busara hakuzirundika bali alizigeuza kuwa mifugo. Hivyo isishangaze kama zilizobaki majumbani ni chache, zimewekwa kama kumbukumbu ya babu au mapambo ya bibi, na wajukuu hawajui zinaitwaje.

Eneo hilo si geni kwa biashara ya madini. Mgodi wa dhahabu wa North Mara uko Nyamongo, wilayani Tarime, na jina la Kilimafedha, katika nchi ya Serengeti, linakumbusha uchimbaji wa dhahabu wa enzi za ukoloni. Mizani ya kupimia gramu ni kitu cha kawaida huko. Kinachokosekana ni ujuzi wa kutambua sarafu.

Namna ya kuzitambua

Kwa shilingi ya Afrika Mashariki, alama muhimu ni mwaka. Zenye miaka kati ya 1921 na 1946 zina robo ya fedha. Zilizoandikwa 1948, 1949, 1950 na 1952 hazina, ingawa simba ni yule yule na uzito unakaribiana sana. Hali ni hiyo hiyo kwa sumni, yaani senti 50.

Senti zenye tundu katikati, ambazo wengi wanazo, si za fedha. Vivyo hivyo sarafu za Heller 5 na 20 zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916, wakati Wajerumani walipozingirwa na pesa kuwaishia. Hizo ni za shaba na mchanganyiko wake, japo wakusanyaji huzithamini kwa historia yake.

Sumaku haitoshi kutoa jibu. Haivuti fedha, lakini haivuti pia shaba na nikeli zilizochanganywa. Itasaidia tu kutenga sarafu za chuma. Aidha, sarafu isisuguliwe kwa mchanga, majivu wala dawa ya meno ili ing'ae. Mkusanyaji hulipia sura yake ya asili, na msuguo mmoja huweza kupunguza bei yake.

Thamani halisi

Shilingi moja ya fedha ina uzito wa gramu 7.78, na robo yake ni chini kidogo ya gramu 2. Hivyo shilingi 16 hutoa wakia moja ya fedha, ambayo ni gramu 31.1. Rupia moja ya Mjerumani au ya India ina karibu gramu 10.7 za fedha, hivyo rupia tatu huzidi wakia kidogo. Riale moja ina robo tatu ya wakia.

Oktoba 2025 bei ya fedha katika soko la dunia ilivuka dola 50 za Marekani kwa wakia. Kwa bei hiyo ya dola 50, madini yaliyomo katika shilingi moja ni ya dola 3 hivi, katika rupia dola 17, na katika riale zaidi ya dola 37. Hicho ni kiwango cha chini tu. Sarafu safi ya mwaka adimu huweza kuuzwa kwa mkusanyaji kwa bei iliyo juu zaidi.

Hesabu hiyo humlinda mwenye mali pande mbili. Kwanza, dhidi ya mnunuzi anayetoa bei ya soda kwa rupia. Pili, dhidi ya tapeli anayedai kuwa rupia ina nguvu za ajabu na thamani ya mamilioni, mradi mwenye nayo atangulize ada ya kuipima. Simulizi za mali zilizofukiwa na Mjerumani zimewafanya watu wengi nchini kuchimba karibu na maboma ya zamani, na matapeli huishi kwa matumaini hayo. Rupia ni gramu 11.66 za madini yanayojulikana, na hakuna siri nyingine ndani yake.

Sheria ya mambo ya kale

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka, na kuchimba kuvitafuta kunahitaji kibali. Umuhimu wa kulinda vitu vya kale ulionekana Pemba mwaka 1984, zilipopatikana sarafu zaidi ya 2,000 za fedha huko Mtambwe Mkuu. Zilisomwa na wataalamu, zikaonyesha kuwa watawala wa pwani walikuwa na sarafu zao wenyewe karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Kama zingeyeyushwa, yangebaki madini tu bila historia.

Rupia na shilingi za karne ya 20 hazimo katika ulinzi huo wa mwaka 1863. Riale huleta utata, kwa kuwa zote zimeandikwa 1780 hata zile zilizotengenezwa miaka mingi baadaye. Tarehe hiyo pekee haithibitishi umri.

Zinakoelekea

Malipo kwa simu, yaliyoenea tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, yanapunguza hata matumizi ya sarafu za kawaida. Bei ya fedha ikiwa juu, ushawishi wa kuyeyusha huongezeka, hasa kwa shilingi zilizochakaa ambazo mkusanyaji hazitaki.

Kwa hiyo utafutaji wa kesho hautakuwa wa kufungua vifurushi vya benki, bali wa kuuliza nyumbani. Familia inayofungua sanduku la marehemu ina mambo matatu ya kufanya kabla ya kuuza: kusoma mwaka wa kila sarafu, kuipima kwa gramu, na kuandika ilitoka kwa nani na alikuwa akifanya kazi gani. Mawili ya kwanza yatawapa bei ya haki. La tatu halipatikani sokoni, na mzee anayelijua akiondoka, hakuna mizani itakayolirudisha.