Hirimu Waliosubiri: Vijiji vya Rika vya Wanyakyusa

Katika bonde la Kyela, mito ya Mbaka, Lufilyo na Kiwira inakoteremka kutoka milima ya Rungwe kuingia Ziwa Nyasa, kijiji cha zamani hakikuwa cha ukoo. Kilikuwa cha rika. Mtoto wa kiume alichunga ng'ombe wa baba yake hadi miaka 10 au 11, kisha akatoka nyumbani na kujenga kibanda pamoja na wenzake pembezoni mwa kijiji cha wazazi. Mchana alilima shamba la baba. Chakula alikula kwa mama, lakini hakwenda peke yake: kundi zima lilizunguka, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Usiku walirudi kwenye vibanda vyao. Baadaye vibanda vikageuka nyumba, wake wakaja, na waliochunga pamoja wakazeeka wakiwa majirani.

Utaratibu huu uliingia vitabuni kupitia Godfrey na Monica Wilson, mume na mke waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Godfrey alifariki 1944. Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini, alichapisha *Good Company* mwaka 1951, jina linalotokana na ukwangala: raha ya kukaa, kula na kuzungumza na hirimu zako. Maelezo aliyopewa kuhusu chanzo cha vijiji hivi yalihusu heshima. Mke wa mtu na baba mkwe wake walipaswa kuepukana kabisa, na ilikuwa aibu kwa mwana aliyebalehe kulala karibu na wazazi wake.

Kitabu ni kizuri, ila nadhani jina lake limewafanya wasomaji wengi waone raha tu. Mtazame mwanamume wa miaka thelathini na ushee katika kijiji hicho. Ng'ombe wa mahari wako mikononi mwa baba, na baba naye anawaza kuongeza mke. Mwana mwenyewe huenda alioa akiwa na miaka 25 au zaidi. Ana watoto, ana jembe, ana maneno ya kusema barazani, lakini mamlaka ya nchi yako kwa wazee.

Mlango ulifunguka mara moja tu kwa kizazi, katika sherehe ya ubusoka, wakati wakubwa wa rika walipokuwa wamefikia miaka 33 hadi 35 hivi. Hapo warithi wawili wa malafyale, yaani chifu, walitambulishwa na nchi ikagawanywa kati yao. Mafumu, wakuu wa vijiji, waliteuliwa miongoni mwa watu wa kawaida. Mioto ya zamani ilizimwa, mipya ikapekechwa. Wazee walisogea kupisha ardhi, na malafyale mzee alitarajiwa kutoishi muda mrefu baada ya siku hiyo. Ni wazi kwa nini hakuwa na haraka ya kuiitisha.

Kinyongo cha kusubiri hakikuelekea kwa wazee peke yao. Kilizunguka pia ndani ya rika. Aliyechinja ng'ombe bila kuwaita jirani zake, au aliyewanyima pombe, alihofia pumzi ya watu: manung'uniko ya wenzake yaliaminika kumwingia kama baridi na kumuuguza. Ukarimu ulikuwa tabia njema, na ulikuwa kinga pia. Linganisha na mji wa leo: mwaka 2003 Mhispania Cesc Gay alitengeneza filamu *En la ciudad*, kuhusu marafiki wa Barcelona wanaokaribia umri wa makamo, kila mmoja akiwaficha wenzake jambo linalomkera. Wanakula pamoja, kisha kila mtu anakwenda kwake na siri yake. Pwani ya Nyasa siri ya namna hiyo isingekaa. Aliyenuna angetambuliwa kabla ya chungu kuisha.

(Wanawake hawakuwa na kijiji cha rika lao. Binti aliolewa mdogo, akahamia kati ya hirimu za mumewe. Ukwangala wao haukuandikiwa kitabu.)

Mfumo ulianza kulegea kutoka pande kadhaa. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika 1891, na vijiji vya Wakristo vilivyoota kando ya misheni vilichanganya watu wa umri wote. Katika miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iliwapa vijana mshahara. Baadaye wakafuata migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ile ya Afrika Kusini. Kijana aliyerudi na fedha aliweza kununua ng'ombe bila kungoja huruma ya baba. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta uchifu, na ubusoka ukakosa malafyale wa kumtambulisha.

Lakini pigo zito zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka ardhini. Philip Gulliver, aliyechunguza umiliki wa ardhi huko Rungwe na Kyela katika miaka ya 1950, alikuta watu wamebanana. Milimani kahawa ilikuwa imeingia, na mkahawa hauhamishwi. Bondeni mpunga ulikuwa umekuwa zao la biashara, na mwenye jaruba zuri hakutaka kulirudisha kwa mkuu wa kijiji ligawiwe upya. Alimwachia mwanawe. Mwana naye, badala ya kuhamia na hirimu zake, akajenga jirani na baba yake, na mkewe akapita kila siku kwenye njia ambayo bibi yake asingethubutu kuikanyaga.