Magari Madogo ya Nyanza Kusini

Katika miaka yote niliyouza spea hapa Migori nimeulizwa busha za Peugeot, kabureta za Datsun, na siku hizi springi za Probox kuanzia asubuhi hadi nifunge duka. Hakuna hata mteja mmoja aliyewahi kuniuliza spea ya Mercury Comet. Hata hivyo, gari hilo liliingia Kenya kwa kishindo.

Ilikuwa Pasaka ya 1964, miezi michache tu baada ya Uhuru. Wamarekani walikuwa wamegundua kwamba wenzao wengi walitaka gari fupi, la bei nafuu na lisilokunywa mafuta mengi. Mwishoni mwa 1959 Ford walitoa Falcon, Chevrolet wakatoa Corvair, Chrysler wakatoa Valiant. Mwaka uliofuata ikaja Comet, ndugu wa damu wa Falcon. Wao waliyaita madogo. Yangesimama Homa Bay siku zile, kando ya Volkswagen na Morris Minor, yangeonekana mabasi. Ford walitaka dunia ijue jinsi Comet inavyovumilia, wakaileta katika mashindano ya magari ya East African Safari chini ya Bill Stroppe, fundi mashuhuri wa magari ya mashindano kutoka California. Magari 94 yaliondoka, 21 yakamaliza. Comet zilizomaliza zilikuwa mbili. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Billy Young waliokuwa na Ford Cortina, gari dogo kweli, lililoundwa Uingereza.

Comet mojawapo kati ya hizo mbili iliendeshwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyelelewa kwenye grisi na spana. Mwaka uliofuata alirudi na mdogo wake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, moja ya zile ambazo timu ya Volvo iliziacha nchini baada ya mashindano ya 1964, na akashinda. Kisa hicho nakipenda kwa sababu ndani yake imo historia nzima ya magari ya huku kwetu. Gari jipya lilikuja na wataalamu wake, likaondoka nao. Lililobaki lilichukuliwa na mtu aliyejua kulifungua na kulifunga mwenyewe, likaenda.

Baba yangu aliendesha Peugeot 404 kati ya Homa Bay na Kisii, kupitia Rongo. Gari lilikuwa la tajiri wake, mfanyabiashara wa samaki. Madereva wa rika la baba waliikariri orodha ya washindi wa Safari kama watoto wa shule wanavyokariri jedwali la kuzidisha: 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff katika 404, mwaka ambao magari saba tu yalimaliza, 1966 na 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania, 404 tena, 1968 Nowicki na Cliff kwa mara nyingine, na kwa mara nyingine magari saba tu. Tajiri mwenye pesa za gari moja tu alizisikiliza habari hizo kwa makini kuliko tangazo lolote. Barabara iliyowatoa madereva wa Ulaya machozi ndiyo aliyotaka gari lake lipite kila siku, likiwa na magunia ya omena juu ya keria.

Lakini ukimwuliza baba kwa nini 404, hakuanza na mashindano. Alianza na gia. Rungu la gia lilikuwa juu, kwenye shina la usukani, na kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu, kwa hiyo pale ambapo gari lingine lina gia katikati, abiria alikaa. Kwenye stesheni wagoni, nyuma kulikuwa na safu nyingine mbili za viti. Na chini ya mzigo huo wote kulikuwa na springi za koili, laini kwenye mashimo. Mwanamke mjamzito angeweza kutolewa Ndhiwa hadi hospitali ya Homa Bay bila kila jiwe kumfika mgongoni. Hayo baba aliyasema kwa fahari, na mimi naona alistahili, kwa maana aliwabeba wengi.

Safari zenyewe zilitokana na jinsi serikali ilivyopangwa. Homa Bay ilikuwa makao makuu ya wilaya nzima ya Nyanza Kusini. Mtu wa Muhuru, wa Karungu au wa Kehancha aliyehitaji ofisi ya wilaya alilazimika kufika huko, na hali ilibaki hivyo hadi Migori ikawa wilaya yake yenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1990. Meli za Ziwa zilitia nanga Kendu Bay na Homa Bay, lakini meli haikufiki mlangoni. Gari la baba lilifika. Kabla ya 1973 alibeba abiria kwa wizi, akikwepa askari kwa sababu leseni ya abiria ilikuwa ngumu kupatikana. Mwaka huo Rais Kenyatta aliruhusu matatu zifanye kazi bila leseni hiyo, na baba akaanza kuegesha stejini mchana kweupe. Kiwanda cha sukari cha SONY kilipoanza kusaga miwa Awendo mwaka 1979, watu wa mishahara waliongezeka barabarani, na tajiri akanunua 504.

Hiyo 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968. Kwa wagoni yake waliurefusha mwili, na nyuma wakaweka springi nne badala ya mbili. Kilichotusaidia zaidi ni kwamba iliunganishwa hapahapa Kenya, Mombasa, kwa vipande vilivyoletwa kwenye makasha. Vipuri viliweza kupatikana Nairobi kwenye Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Ulaya waliacha kuiunda mwaka 1983. Kenya iliendelea hadi miaka ya 2000. Kwa muda wote huo fundi wa Migori hakuwa na haja ya kujifunza gari upya. Aliyejua 404 alijua nusu ya 504, na mwanafunzi wake alirithi masikio yake: walikuwa wanasikiliza injini kabla ya kugusa kifuniko.

Kuna kazi moja ya Peugeot ambayo haitajwi katika vitabu vya magari. Mjaluo akifia Nairobi hurudishwa kuzikwa nyumbani, na kwa miaka mingi aliyemrudisha alikuwa Peugeot. Jeneza lilifungwa juu ya keria kwa kamba za katani, kitambaa chekundu kikapeperuka mbele, jamaa wakajipanga ndani, na safari ikaenda usiku kucha kupitia Nakuru, Kericho na Kisii. Nikiwa msichana niliweza kuutambua mlio wa gari la namna hiyo kabla halijapinda kuingia kwetu, kwa kuwa dereva aliendesha polepole kwa heshima. Kampuni iliyochora keria hiyo ilikuwa ikifikiria masanduku ya likizo.

Kilichoiondoa Peugeot barabarani kilikuwa hesabu. Milango ya magari ya mitumba ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, zikaingia Nissan na Hiace za abiria wengi zaidi, na gari la watu saba likashindwa kulipa mafuta. Kisha zikaja sheria za Waziri John Michuki mwaka 2004, za mikanda ya usalama, mstari wa njano na vidhibiti mwendo. Matatu kubwa zikatulia kwenye lami, kati ya Kisii na Isebania. Njia za ndani, za Sori, Mbita, Rodi Kopany, Magunga, zilibaki zikitafuta gari lao.

Gari hilo lilikuwa tayari linafanya kazi Japani. Toyota walitoa Probox mwaka 2002 kurithi vani ya Corolla, kwa ajili ya wauzaji wanaozunguka na sampuli na makarani wanaopeleka vifurushi. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kufikia 2010 zilikuwa zinamiminika Mombasa kwa bei ambayo mwalimu mwenye mkopo wa sako angeiweza. Injini yake ya 1NZ ndiyo iliyo ndani ya Vitz, Fielder na Premio. Duka langu lilibadilika kwa sababu ya jambo hilo moja: plagi ileile, pampu ya maji ileile, gasketi ileile, wateja wa magari manne. Injini hiyo inatumia cheni badala ya mkanda wa kukatika, na fundi mwenye spana za kawaida anaishusha asubuhi na kuirudisha jioni.

"Mama, nipe springi ya nyuma ya Probox, ile nzito." Nauza nyingi kuliko kitu kingine chochote, na nazijua zinakokwenda. Gari lililoundwa kubeba watu watano linatoka Mbita na tisa, kumi, watoto kwenye buti pamoja na magunia ya omena, na dereva amegawana kiti chake na abiria hata mkono wake wa gia unapita juu ya magoti ya mtu. Hilo silikubali, na huwaambia madereva hivyo nikiwa nawahesabia chenji. Springi nzito huinua bodi. Breki hubaki zilezile alizowekewa karani wa Tokyo. Nimehudhuria mazishi ya wateja wangu. Mafundi wa rika la baba walikuwa na ujasiri wa kumkatalia tajiri: wakiona ekseli imechoka, gari halikutoka. Ujasiri huo ndio ninaoutafuta kwa vijana wa gereji za leo, ambao kwa mikono ni hodari kabisa.

Wiki iliyopita mmoja wao aliniletea swali jipya. Tangu 2018 Toyota wanatoa Probox yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, na moja imefika mjini, ya mfanyabiashara wa viazi vitamu vya Kabondo. Kijana alitaka kujua kama naweza kumpatia glavu za mpira za fundi umeme kabla hajagusa betri. Nilimwagizia Nairobi jioni ileile, jozi mbili, na nikamwambia hiyo ya pili ni ya mwanafunzi wake.